Ukingo wa Baraza

Tangu Ezekia alipoanguka barazani wakati wa masika, hakutoka tena nje. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, na ukingo wa baraza ulikuwa umemegekamegeka. Mguu ukakanyaga hewa. Sasa alishinda chumbani na blanketi lake, katika baridi ile ya Iyunga ya mwezi wa saba, na jua zuri likimwagika bure nje. Mkewe, Damari, aliumia kimoyomoyo. Mtu aliyezoea kusalimiana na kila mpita njia, leo anaongea na ukuta.

Saruji ilipopatikana, Damari akamwita Shigela, fundi mwashi, Msukuma aliyehamia kutoka Igawa. Shigela akabandua sehemu zilizolegea, akapamwagia maji, akaziba mashimo, akaunyoosha ukingo kwa ubao. Mwisho akapitisha niru, ule uji wa saruji, aliyoitia rangi nyekundu, akaisugua kwa mwiko mpaka ikang'aa kama kikombe kilichooshwa.

"Haya, mama. Hata inzi atateleza."

Damari akacheka, halafu kicheko kikamkatika. Inzi ateleze, na mzee je? Unyayo wake utajuaje kwamba baraza limeisha?

Akaingia jikoni, akarudi na gunzi la mahindi. Akapiga magoti mbele ya baraza, akaanza kuliviringisha kwenye niru mbichi, akifuata ukingo, kama mama yake alivyokuwa akipamba sakafu mpya ya udongo.

"Mama, mama! Unaniharibia kazi. Watu watasema Shigela hajui kupiga niru."

"Waambie ni bibi mkaidi wa milimani. Ninyi wa ng'ombe mtajua nini mambo ya sakafu?"

Shigela akaguna. Kisha akachuchumaa, akamshikia ubao ili mstari usipinde.

Wakalifunika baraza kwa magunia, na Damari akawa anayalowesha asubuhi na jioni, mpaka saruji ikakomaa.

Ndipo akamshika Ezekia mkono. "Baba Gideoni, vua viatu."

"Kwa baridi hii?"

"Vua tu."

Ezekia akatoka akiburuta miguu, bega limekaza. Damari akauachia mkono wake. Hatua, hatua nyingine. Vidole vya mguu vikagusa vijishimo vya gunzi, vikasita, vikavipapasa taratibu.

"Umenijengea zizi," akasema.

"Ndiyo. Usitoroke."

Akageuka bila kuongozwa, akapapasa ukuta, akaketi juani. Njiani mtu akapita akikohoa.

"Nani huyo?" Ezekia akapaza sauti. "Mbona unapita kimya kimya kama mdaiwa? Njoo hapa unisalimie."

Damari akaenda kuinjika chai.