Jibini ya Mama Eudocia

Siku Wilfrido aliporuhusiwa kutoka hospitali ya Sincelejo, nesi wa wodi ya moyo aliuliza, "Nani atamtunza nyumbani?" Mama yake, Eudocia, alifungua kinywa, lakini karatasi ya mafunzo ilikuwa imekwisha kutua mkononi mwa mkewe Wilfrido, Nereida.

Roho ilimuuma kama aliyemeza mwiba. Yeye aliyemnyonyesha, aliyemuuguza surua, leo awe mgeni!

"Mama, kaa hapa nasi," Nereida alimwita.

"Kaa wewe msomi. Mimi nilimlea bila karatasi."

Akasimama mlangoni akitomasa rozari, masikio yamebaki ndani. Alimsikia mkamwana akirudia somo: dawa ya kupunguza maji mwilini asubuhi, kupanda mizani kabla ya kahawa, chumvi marufuku.

"Hodari!" nesi alisema. Wilfrido akamshika mkewe mkono.

Mama hakuweza kuvumilia. Akaenda zake, na yaliyobaki ya nesi hakuyasikia.

Nyumbani Nereida alipika kuku chukuchuku. Wilfrido akasukuma sahani. Mama akacheka kwa pua. Mkamwana alipokwenda kazini, mama akampikia mwanawe mote, mchuzi mzito wa viazi vikuu na mapande ya jibini ya kwetu, ile inayolowekwa kwenye maji ya chumvi.

"Kula, baba. Chumvi sijatia hata punje."

"Mama, hakuna apikaye kama wewe."

Neno hilo lilimlevya. Akapika siku nne mfululizo.

"Kilo tatu zimeongezeka!" Nereida alishtuka asubuhi ya tano. "Umekula nini, Wilfrido?"

Wilfrido alimtazama mama. Mama akatazama dari. "Mizani yako hiyo mbovu."

Jioni miguu ya Wilfrido ilikuwa imevimba kama mihogo, na kila alipolala pumzi zilimkatika. Wakamrudisha mbio.

"Amekula nini?" nesi akauliza.

"Mote," mama alinong'ona. "Lakini naapa, chumvi sikutia."

"Na jibini, mama?"

Akakumbuka ndoo ya maji ya chumvi.

Akina mama wenzangu, wivu ni huo: ulimtoa Eudocia mlangoni asisikie habari ya jibini, nusura umtoe mwanawe duniani.

Wilfrido alilala wodini siku tisa. Siku ya kutoka, Nereida alivuta kiti cha pili. Mama akakaa. Nesi alipouliza nani arudie somo, mama alinyoosha mkono kabla ya mkamwana, akaanza na jibini.