Miaka Mitatu ya Nauli Nusu

Inshirah alipanda treni ya polepole kwa sababu aliyetimiza sitini hulipa nusu, na nusu ya daraja la tatu kutoka Beni Mazar hadi Abu Tig, huko Misri, ni kama bure. Pesa ya gari la abiria aliifunga kwenye kitambaa, akaitia kifuani. Magoti yakimuuma, kikapu cha mikate iliyoumuliwa juani mapajani, akawa anaomba afike kabla ya alasiri.

Baada ya swala mwanawe Shaaban angetia sahihi karatasi ya kumwoza bintiye Rawya, wa miaka kumi na minne. Karatasi ya nyumbani tu, mpaka binti afike kumi na minane waandikishe serikalini. Rawya mwenyewe ndiye aliyempigia bibi yake simu asubuhi, akinong'ona, amejifungia chooni.

Kondakta alitazama kitambulisho, akamtazama yeye.

"Hajati, sitini na mbili? Mbona meno yote yapo?"

"Niliyaazima kwako?"

Abiria wakacheka. "Nasema tu. Mke wangu ana hamsini, ukimwona utasema ni mama yako."

"Umemchakaza wewe. Kata tiketi."

Akakata, ya nusu.

Lakini kondakta hakukosea. Inshirah alikuwa na hamsini na tisa. Baba yake hakuwahi kumwandikisha alipozaliwa, na alipofikisha kumi na mitatu akapatikana mume, wakampeleka kwa daktari wa serikali akadiriwe umri. Mama yake alimvika viatu virefu vya shangazi na kumfunga matambara kifuani. Daktari akamwambia afungue kinywa, akatazama meno, akaandika kumi na sita, umri wa kuolewa kisheria. Jioni yake aliozwa. Shaaban alizaliwa yeye akiwa na kumi na mitano, akang'ang'ana naye siku mbili, na tangu hapo kiuno hakikupona. Faida ya miaka ile mitatu ndiyo hii, nauli nusu.

Kituo cha Mallawi treni ikasimama. Ikapita ya haraka, ikapita nyingine. Jua likahama dirisha.

"Mwanangu, tunangoja nini?"

"Za bei nzima, Hajati," kondakta akajibu. "Sisi huwapisha."

Ikawa ameokoa pesa, na Rawya anampotea. Akashuka, akaburuta miguu mpaka barabarani, akakifungua kile kitambaa. Dereva wa gari la abiria hakumuuliza miaka. Alilipa nzima, akasukumwa kiti cha nyuma juu ya tairi, kila shimo likampiga kiunoni.

Alipofika Abu Tig watu walikuwa wametoka kuswali. Sebuleni wanaume walikaa kuizunguka karatasi, sharubati nyekundu imemiminwa, Shaaban ameshika kalamu.

"Mama? Mbona hukusema unakuja?"

Inshirah alikiweka kitambulisho juu ya karatasi. "Soma mwaka."

"Mama, wageni hawa."

"Soma. Halafu uwaambie nilikuzaa nina miaka mingapi."

Baba wa bwana harusi akakohoa. "Hajati, pumzika kwanza. Haya tuachie wanaume."

"Niliwaachia wanaume mara moja, ndugu yangu. Wakaniandika kumi na sita."

Shaaban alisoma. Tangu utotoni alikuwa akisikia kwamba mama yake alimzaa akiwa na kumi na mitano, na kitambulisho kile alikuwa amekibeba hospitali na benki mara ngapi sijui. Hakuwahi kupiga hesabu. Akaipiga sasa, midomo ikimchezacheza.

"Kumi na minane," alisema taratibu. "Aliyeandikwa hapa alinizaa ana kumi na minane."

"Ndivyo kadi inavyosema. Mimi nilikuwa na kumi na mitano."

Akafunika kalamu. Karatasi akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Kunyweni sharubati, jamaa. Leo hatuandiki."

Wakaondoka bila kunywa, na mtaa mzima ulijua kabla ya magharibi. Rawya alileta beseni la maji ya moto na chumvi, akamvua bibi yake viatu. Miguu ilikuwa imevimba.

Saa nyingi baadaye Shaaban akasimama mlangoni. "Kesho nikukatie treni ya haraka. Nusu?"

"Nzima," Inshirah alisema, macho amefumba.

Ninyi wenye mabinti, wahesabieni miaka wenyewe.