Mikono Itakayomwogesha

Mkwe wangu Jean-Claude anafanya kazi ya kufunga nyumba za watu. Ndiyo, kufunga. Huko Kanada alikopelekwa na binti yangu Estelle, mbali kaskazini mwa Toronto, kuna maziwa mengi mpaka wenyewe wameishiwa majina ya kuyapa, na kila ziwa limezungukwa na nyumba za mbao ambazo wenye nazo huja kukaa wakati wa joto tu. Baridi ikianza, wao hurudi mjini. Jean-Claude anabaki akikausha mabomba, akiburuta mitumbwi nchi kavu na kupigilia madirisha. Analipwa kwa kazi hiyo, nami namshukuru Mungu, ingawa sijaielewa hadi leo.

Mara ya kwanza Estelle aliponitumia picha za lile ziwa nilikuwa hapa hapa kwenye cherehani yangu, Old Kampala, na moyo ulinipiga paa. Maji yametulia, miti imekuwa myekundu, viti viwili vimeelekezwa ziwani, na mtu hakuna. Hakuna mwanamke anayefua, hakuna mtoto anayeoga, hata mbuzi hakuna. Sisi ni watu wa Bukavu, Kongo, tumekulia kando ya Ziwa Kivu. Tumeshaona ufuko wa namna hiyo, viti vipo na watu hawapo, na tunajua kilichotangulia. Nikampigia palepale.

"Bale bantu ya pale, nani aliwafukuza?"

"Hakuna mwenye aliwafukuza, Mama. Balirudia tu mu mji. Baridi iko inakuya."

"Baridi tu? Na nyumba mizuri vile?"

Estelle alicheka mpaka simu ikakatika. Mimi sikucheka.

Basi katika mahali hapo pasipo na watu ndipo mwanangu alipopata mimba. Nilifurahi, halafu nikaanza kukosa usingizi. Kwetu, katika ukoo wa mama yangu, mwanamke akijifungua, mama yake huja kumkanda tumbo kwa maji ya moto, akamfunga kitenge, akamwogesha mtoto. Na mikono inayomwogesha mtoto mara ya kwanza ndiyo inayompa jina la nyumbani. Si baba, si padri. Mikono. Mimi nilioga mikononi mwa bibi yangu, Estelle alioga mikononi mwa mama yangu, Nabintu, ambaye tulimwacha njiani tulipokimbia vita. Alikaa chini ya ukuta akasema tutangulie, atatufuata. Hakutufuata. Hatuna kaburi lake, hatuna picha yake. Jina lake ndilo nililobeba miaka yote hii, nikingoja mtoto wa kumvika.

Niliomba viza ya kwenda. Nikanyimwa. Walisema hawana uhakika kwamba nikifika kule nitarudi. Angalia maajabu: mimi mkimbizi, wanahofu kwamba sitarudi ukimbizini! Jumapili ile nilipanda kilima cha Lubaga, kwenye kanisa kuu, kusali, na kusema kweli sikusali, niligombana na Mungu kutoka mwanzo wa misa mpaka mwisho.

Nilimwambia Estelle atafute mama Mkongo. Akasema walio karibu wako Toronto, saa nyingi kwa gari, na wote wana kazi. Kisha akasema, "Iko jirani mumoja, mama muzee. Lorna. Ndiye mwenye alibakia huku wakati ya baridi. Anatengeneza vyungu."

"Anatengeneza nini?"

"Vyungu, Mama. Ya udongo."

Sasa nieleweni. Kwetu wafinyanzi ni Batwa, watu wa msituni wanaodharauliwa, na watu wetu hununua chungu chao lakini hawali nao chungu kimoja. Ni upuuzi, na wanaoushika upuuzi huo ni walewale wanaolalamika wakibaguliwa hapa Kampala. Lakini nilinyonyeshwa nao, na ukanitoka mdomoni kabla sijaufikiria. Nikamwambia mwanangu kwamba mfinyanzi hatamgusa mjukuu wangu. Estelle akanieleza kwamba kule ni heshima kubwa, kwamba nchi ile ya maziwa imejaa wachoraji na wachongaji na wafumaji, na kuna wakati wao hufungua nyumba zao, wanaweka kibao barabarani, na wageni wanazunguka nyumba hadi nyumba kuwatazama wakifanya kazi. Watu wanatoka mjini kuja kumwangalia huyo Lorna akizungusha udongo, na wanamwita msanii.

"Bamuite hata askofu," nikasema. "Hapana."

Aliyenisikia ni Zuleika, jirani yangu wa duka, Mnubi muuza viungo, ambaye maneno yangu yote huyasikia kwa sababu kati yetu kuna mbao tu. Aliingiza kichwa.

"Wewe Mama Estelle, nani ataogesha hiyo mtoto sasa? Wewe iko hapa. Mikono yako iko mrefu kiasi gani?"

Nilimwambia akauze mdalasini wake. Lakini neno lake lilinikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Mtoto alizaliwa, wa kike, salama. Manesi walitaka kumwogesha, Estelle akawakatalia, akamfunika akarudi naye nyumbani vilevile. Mwanangu huyo! Miaka yote nilidhani hanisikilizi. Kesho yake alasiri, adhana inasikika kutoka msikitini juu ya kilima, simu ikalia. Kule ilikuwa asubuhi. Kwenye kioo cha simu nikaona uso wa Estelle umevimba kwa machozi.

"Mama, tumbo inaniuma sana. Jean-Claude iko mu kazi, ng'ambo ya ziwa. Lorna iko hapa. Mutoto hajaoga. Sema tu. Ukisema tungoje, tutangoja."

Tungoje nini? Ningesema nini? Kwamba nakuja? Nilitazama nyuma yake. Mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi alikuwa amesimama karibu na jiko la kuni, mikono ameshika mbele, kama mgeni anayengoja kuambiwa akae wapi.

"Mwambie akunje mikono ya nguo," nikasema. "Achemshe maji."

Nilimwita Zuleika. Nikamlaza kwenye meza yangu ya kukatia, juu ya vitenge vya wateja, simu nikaiegemeza kwenye cherehani, nikaanza kuonyesha.

"Nyabo, unaniua bure!" Zuleika akapiga kelele. "Mimi siko na mtoto huku ndani, iko chapati tu!"

"Nyamaza. Estelle, mwambie: atumikishe chini ya kiganja, si vidole. Kutoka juu, akuye chini. Asikimbie."

Kule Lorna akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akaweka mikono juu ya tumbo la mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia. Sikupata pa kuanzia. Alibonyeza, akangoja, akasikiliza kwa kiganja, akaongeza uzito kidogo, akangoja tena. Mtu ambaye maisha yake yote ameshika kitu laini kinachoharibika ukikiharakisha. Uso wa Estelle ukafunguka. Akavuta pumzi ndefu, ile ile aliyokuwa akivuta utotoni nikimtoa mwiba.

Niliionea wivu ile mikono, nasema wazi. Yangu ilikuwa juu ya Zuleika.

Tukamfunga kitenge, mimi nikimfunga Zuleika, Lorna akimfunga mwanangu. Kisha Lorna akaleta beseni, la udongo, kubwa, la rangi ya maji ya jioni, alilolifinyanga mwenyewe kwa ajili ya mtoto huyu. Alijuaje kwamba ataitwa? Labda alikuwa anatamani tu. Nikamwelekeza ashike shingo hivi, mgongo hivi. Mjukuu wangu akaingia majini, akanyoosha miguu, hakulia.

"Banange," Zuleika akanong'ona, ameshainuka, kidevu begani mwangu. "Hii mtoto iko na nywele mingi!"

Alipokwisha kukaushwa, Lorna akasema kitu. Estelle akaniangalia.

"Nilimuelezeaka zamani desturi yetu. Sasa anauliza kama ni kweli jina itatoka kwake." Kisha akashusha sauti, ingawa pale hakuna mwingine anayejua Kiswahili. "Mama, ninajua jina yenye unatafuta. Nitamwambia aseme Nabintu. Atasema tu. Hatajua."

Mungu wangu, nilitaka. Nilitaka mpaka meno yakaniuma. Neno moja tu, na mama yangu angeinuka pale ukutani tulipomwacha, akaja kulala kwenye nyumba yenye moto, kando ya maji, ambapo hakuna anayemfukuza mtu. Nani angenilaumu? Lakini mama yangu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mikono ndiyo inayotoa jina, na nimetoka kuiona mikono hiyo kwa macho yangu. Ningempa mama jina lake kwa kudanganya desturi yake?

"Muache aseme mwenyewe," nikasema.

Lorna alimtazama mtoto, akatazama dirishani kwenye ziwa, kisha akasema neno moja, na sauti ikamkatika katikati.

"Hazel," Estelle akarudia. "Ni jina ya mama yake mwenye alikufa. Anasema huyo mama alizaliwa mu hii nyumba yenye tunapanga."

Kumbe naye alikuwa na jina la mama alilobeba. Nikatikisa kichwa kukubali, na Zuleika, ambaye hakujua lolote kuhusu Nabintu, akapiga kigelegele kwa niaba yangu mpaka wapita njia wakachungulia dukani.

Estelle akasogeza simu karibu na sikio la mtoto. "Muite, Mama. Ajue sauti yako."

Nikafungua kinywa. Jina lililokuja kwanza halikuwa hilo. Lilifika mpaka kwenye ulimi, nikalimeza, likashuka likiniunguza.

"Hezeli," nikaita.

Mtoto akageuza kichwa kunitafuta.