Daftari la Rabi Chini ya Dari Inayovuja

Tone la kwanza liliangukia kiti cha marehemu rabi, na Célestine, mfanyakazi wa ndani, akadhani ni mdudu. La pili likaangukia meza. Alipoinua macho aliona dari imevimba kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba majani mabichi. Huko juu tangi la maji moto lilikuwa limepasuka.

Na chini ya uvimbe ule, limefunuliwa wazi, lilikuwapo daftari la Rabi Zalkind.

Wayahudi wa mtaa wa Glenhazel walimheshimu rabi huyo hata baada ya kuzikwa, ila hakuwaachia hata barua moja. Mafundisho yake yote aliyatoa kwa mdomo. Mwandiko wake ulibaki katika daftari hilo tu, la matumizi ya nyumbani: nyanya, mishumaa, soli za viatu vya watoto, samaki wa Ijumaa. Wageni walitoka mbali kuja kutazama alivyoandika neno "vitunguu", na wengine walilia.

Jana wageni hao walichelewa kuondoka. Jua likatua kabla Hirsh, mwana wa rabi, hajalirudisha daftari kwenye droo. Sabato ikaingia, na kwao siku ya Sabato kitu cha mahesabu hakiguswi, wala humtumi mtu wa dini nyingine akushikie. Daftari likalala pale pale.

Célestine alikuwa mgeni katika kazi ile, na Hirsh alikwisha kumwonya: "Futa vumbi popote, si hapa. Aliyekutangulia aliligusa, leo hayupo."

Basi akabaki mlangoni na kitambaa chake mkononi. Hirsh na mama yake, mjane Fruma, walikuja mbio wakasimama kando yake. Évariste, mlinzi wa getini, Mrundi, alikwisha kufunga maji ya nje, lakini yale yaliyomwagika darini yalikuwa yanatafuta njia.

"Madamu, nilitoe?" Célestine akauliza.

Mjane alibana midomo. Akatazama dari, akatazama daftari. "Jikoni ni pakavu," akasema.

Célestine hakuelewa. Anataka chai?

Évariste akamnong'oneza kwa Kiswahili, akimwita kwa jina la mwanawe, "Mama Shekinah, wanakuomba."

"Wameomba wapi? Mimi nimesikia jikoni pakavu. Nikifukuzwa nitalala kwenye kibanda chako?"

"Kibanda changu kinatosha mtu mmoja, na huyo mtu anakoroma."

"Basi kalitoe wewe, mwanaume."

"Eish! Mimi niliajiriwa getini."

Kwao Uvira mkubwa akitaka kitu husema lete, nawe unaleta. Hapa mkubwa anataka mpaka jasho linamtoka, na neno halisemi. Célestine akaukamua mpindo wa kitambaa, kumbe kikavu.

Dari ikalia kwaa! Tone likaangukia ukingo wa ukurasa, wino wa bluu ukaanza kutanuka. Hirsh aliruka hatua moja, mkono mbele, kisha akaurudisha na kuuficha kwapani kama aliyeshika sufuria ya moto. Ndipo Célestine alipouona uso wake. Huyu mwenye kukataza ndiye aliyekuwa anaumia.

Hirsh akauelekea ukuta, akasema kama anayesoma, "Baba alitufundisha. Nyumba ikiungua siku ya Sabato, ruhusa ni kusema hivi tu: atakayeokoa hatapata hasara."

"Nani huyo?" Célestine akauliza.

"Yeyote."

"Hata aliyekatazwa?"

Hirsh akageuka. "Hata huyo. Huyo hasa."

Célestine akavua kandambili, maana sakafu ilikuwa inateleza, akaingia. Akalibeba daftari kwa mikono miwili kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hakugeuka nyuma. Alikuwa hajamaliza kuvuka kizingiti pale dari ilipoporomoka, mbao na maji na vumbi, kiti cha marehemu kikavunjika mguu.

Jikoni aliona kurasa zimeanza kugandana. Akapenyeza vidole katikati yake, kimoja huku, kimoja kule, zipate hewa. Hakuna aliyeweza kumpokea, wala kumwambia aliweke wapi. Akabaki hivyo hivyo, amesimama.

Hirsh akamletea kiti. Alikisukuma mpaka kikamgusa magoti kwa nyuma. Mjane akamimina chai kutoka kwenye birika lililokuwa motoni tangu jana, akaionja, akaipuliza, akamwinulia Célestine kikombe mpaka mdomoni.

"Polepole, ni ya moto."

Évariste akachungulia dirishani. "Mama Shekinah, leo unanyweshwa kama bibi harusi!"

"Rudi getini kwako!"

Alitaka sana kucheka, lakini mpaka nyota zitoke na Sabato iishe, vidole vyake vilikuwa kazini.