Injini Iliyonukia Limau

Povu la kwanza lilichungulia kwenye mdomo wa kutilia oili, likavimba, likapasuka, wenzake wakalifuata. Kufumba na kufumbua, mashine ya kukata nyasi ilikuwa imevaa kilemba cheupe na ua mzima unanukia limau. Nilisimama na kamba ya kuwashia mkononi kama mtu aliyeng'oa mkia wa ng'ombe wa watu.

Nilijua nimefanya nini kabla injini haijakohoa mara ya mwisho na kuzima. Mimi natengeneza sabuni ya maji, na chupa napewa bure na mafundi wa gereji ya pale kona: chupa zilezile zilizokuja na oili. Naziosha, nazianika, nazijaza. Wiki ile nilikuwa nimetia rangi ya asali, kwa kuwa mshonaji, jirani yetu wa ukuta mmoja, alidai sabuni yangu ya kijani inamkumbusha dawa ya minyoo. Ikawa rafu ya jikoni imebeba chupa mbili pacha, moja yangu, moja ya mume wangu. Asubuhi, akifunga kamba za viatu, alisema injini inahitaji kuongezwa oili kabla ya kesho. Nikaona nimpunguzie kazi.

Hiyo kesho alikuwa ameisubiri miaka miwili. Alikuwa anaanza kazi ya kutunza viwanja vya zahanati, na sharti lilikuwa moja: uje na mashine yako, nzima, saa moja kamili asubuhi. Wengine walikuwa wamepanga foleni nyuma yake wakiomba ateleze. Mwenyewe alikwenda kujaza fomu za mwisho, angerudi alasiri. Na mashine ndiyo hii, inanitemea povu miguuni.

Mtaani wananiita Redio, na sijawahi kununa. Najua nani kahama na kilichomhamisha, nani kachumbiwa, nani na nani hawasalimiani tangu lini. Geti letu halifungwi. Watu huja kufuata sabuni wakaondoka na habari, au huleta habari wakasahau sabuni. Siku ile, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, niliomba asije mtu.

Aliyetokea ni mama mkwe. Miaka saba tumeishi naye nyumba moja, mwanamke wa maneno ya kuhesabu, anayeweza kuchambua mchele saa nzima bila kuinua kichwa. Nampenda, lakini nilikuwa nimeshamweka katika fungu la watu wasio na habari. Habari zote za nyumba ile zilikuwa za marehemu mumewe, yule aliyekuwa na kinu cha kusaga nafaka. Picha yake iko sebuleni: amesimama mlangoni pa kinu, fulana imelowa mafuta, kifua mbele. Injini yake, husimulia mume wangu, haikuwahi kulala na ugonjwa hata siku moja.

Mama mkwe aliyatazama mapovu. Akachota kidogo kwa kidole, akasugua, akanusa.

"Umevuta kamba mara ngapi?"

"Tatu, mama. Ya tatu ikawaka."

Akauliza iliwaka kwa muda gani. Nikamwambia, kama kuhesabu mpaka kumi.

"Basi haijafa. Usiiguse. Funga geti."

Geti lilikataa, likalia kutu, likafunga. Nilipogeuka alikuwa ameshapiga magoti ubavuni pa injini. Mtandio ameufunga kiunoni, na waya wa plagi umeshachomolewa. Aliniambia kwamba mashine hunyang'anywa moto kwanza, ndipo mengine yafuate. Akanyoosha kiganja nyuma bila kutazama, akaomba spana ya kumi na tatu. Nikampa. Akaipima uzito kwa vidole, akanirudishia.

"Hii kumi na mbili."

Nikaisoma ile namba. Ilikuwa kumi na mbili kweli. Nikampa ya kumi na tatu.

Alilegeza bolti iliyo chini ya tumbo la injini, na kikaanza kutoka kitu chenye rangi ya chai ya maziwa, kizito, kisicho na haraka, kikijikunja ndani ya beseni. Hakukiharakisha. Kilipokwisha akafunga, akamimina dizeli kidogo, akailaza mashine huku na huku kama anayembembeleza mtoto aliyekataa kulala, akavuta kamba taratibu, akafungua tena. Mara ya pili ikatoka chai iliyopungua maziwa. Mimi nilikuwa nikiongea muda wote, maana nikiogopa naongea. Nilikuwa nimeshafika kwa fundi wa gereji na mke wake wa kwanza, mama mkwe alipoinua kidole.

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Njoo usikie."

Akalaza sikio kwenye chuma, akanionyesha mahali pa kulaza la kwangu. Tulikaa hivyo, nyuso zikitazamana, pua karibu zigusane, naye akizungusha injini kwa mkono. Mwanzoni nilisikia pumzi zangu tu. Kisha, mbali kabisa ndani, kitu kikabusu na kuachia, kikabusu na kuachia.

Akasema hiyo ndiyo sabuni, oili haina mlio huo.

Tukarudia mara ya tatu, na ya nne. Safari ya nne nililaza sikio na kubusu kule hakukuwepo. Kulikuwa na kimya chenye kitu ndani yake, kinapanda, kinashuka, kinapanda, kama kifua cha mtu aliyelala usingizi mwema chumba cha pili. Nilikuwa nimeishi na mashine ile mwaka mzima nikidhani ni kelele tupu.

Nilipoinua uso nikamwona yeye. Macho ameyafumba, kidevu kina doa jeusi, na vile vidole vya kuchambulia mchele vimetulia juu ya chuma. Nikaikumbuka picha ya sebuleni.

"Mama," nikasema, "kile kinu."

Hakufumbua macho. "Yeye alisimama mlangoni, akawapokea watu. Alijua sana kuongea na watu. Mimi nilikuwa ndani."

"Miaka yote ile?"

"Kumi na mitano."

"Na hukumwambia hata mwanao?"

Hapo akanitazama, bila uchungu wowote.

"Nani aliniuliza?"

Mimi ninayeuliza hata wapita njia, yeye sikuwahi kumuuliza.

Tulitia oili ya kweli, tukaiwasha kidogo. Ikatema moshi mweupe wenye limau, ikasafika. Tukaimwaga oili ile, tukatia nyingine.

Mume wangu alirudi alasiri, akavuta kamba mara moja tu. Ikaitika. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, uso ukamfunguka.

"Inavuma kuliko jana," akasema. "Mzee angeisikia hii. Sikio hili nimelirithi kwake."

"Ndiyo, baba," mama mkwe akajibu kutoka kwenye ungo wake wa mchele.

Akauliza mbona inanukia limau. Nikasema niliiosha. Mabega ya mama mkwe yakatikisika mara moja, yakatulia.

Mara kichwa cha mshonaji kikachomoza juu ya ukuta. "Redio, leo mlijifungia. Kuna nini?"

Habari kubwa kuliko zote nilizowahi kubeba ilikuwa imekaa kwenye ncha ya ulimi. Nikamtazama mama mkwe. Hakunikonyeza wala hakunikataza. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mchele, anangoja kusikia, kama wengine.

"Hakuna," nikasema.

Mshonaji akaniuliza kama naumwa.

Nikaleta maji na sabuni yangu ya rangi ya asali, nikakaa chini mbele ya mama mkwe, nikamwosha mikono kidole kwa kidole. Nilipofika kwenye ukucha wa gumba, penye mstari mweusi, nikaupita bila kuusugua. Kisha, kwa sauti ambayo ukuta usingeinasa, nikamuuliza kabla ya kinu alikuwa wapi, na nani alimfundisha.

Akausogeza ungo kando.