Karatasi ya Tarehe Tisa

Baba mkwe wangu sijawahi kumtazama usoni, na huu ni mwaka wa tatu naishi kwake, hapa Isongole. Ndiyo mila yetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siku hizi wengi wameiacha, ila si nyumba hii. Baba akipita uani, mimi nageukia ukuta.

Kuongea naye kwangu ni kusoma tu. Mwaka huu mume wangu Lugano alituma kutoka Dar kalenda ya kuchana, kila karatasi na mambo ya dunia yaliyotokea tarehe hiyo. Mama mkwe akasema macho ya baba yamechoka, nimsomee. Basi kila asubuhi nakaa jikoni nyuma ya pazia nasoma, yeye yuko sebuleni anasikiliza. Nikimaliza anasema, "Chana." Nachana.

Jumapili kaka yangu Anyitike akapiga simu kutoka Nkunga.

"Mama amepooza upande mmoja. Sauti nayo inapotea. Ukitaka kumsikia, njoo wiki hii."

Ruhusa anatoa baba, lakini kuiomba ni kwa mdomo wa mama mkwe. Nikamwambia siku ileile. Jumatatu nikamuuliza.

"Bado sijamwambia. Mvua imeanza, mbegu za viazi zimo ndani. Halafu ukienda, baba yako atasomewa na nani?"

Jumanne akasema, "Wewe nawe. Kwani Nkunga inahama?"

Jumatano sikuuliza. Nilimtazama tu anavyolikwepa jicho langu, nikajua hatasema.

Alhamisi ilikuwa tarehe tisa Novemba. Nikasoma: "Siku kama ya leo mwaka 1953, Kambodia ilipata uhuru kutoka kwa Wafaransa. Mwaka 1989, ukuta uliougawa mji wa Berlini ulifunguliwa, watu wakavuka."

"Ulikaa miaka mingapi huo ukuta?" baba akauliza.

"Ishirini na nane."

"Na walikuwa wanasikiana?"

"Haijaandikwa, baba."

Mama mkwe alikuwa karibu yangu anamenya viazi. Nikaendelea kwa sauti ileile ya kusomea: "Mwaka huu, mkamwana mmoja wa Isongole aliomba kwenda Nkunga, amsikie mama yake kabla sauti haijaisha."

Kisu cha mama mkwe kikasimama. Sebuleni kiti kikalia.

"Hiyo haimo," baba akasema. "Karatasi hiyo niliisoma jana, mlipokuwa shambani."

Kumbe tangu Januari namsomea mtu anayeona. Nikabaki nimeinama, nangoja kufokewa.

"Mama Lugano, mbona habari hii sina?"

"Ningekuambia. Sasa viazi je?"

"Viazi vina mikono yako na yangu." Kisha akaniambia mimi, "Mkamwana, chana tatu. Nenda nazo. Utanisomea ukirudi."

"Tatu, umesikia?" mama mkwe akaninong'oneza. "Siku tatu."

Nikachana ya tisa. Nikachana ya kumi, na ya kumi na moja. Kila moja na mlio wake. Nikangoja kidogo. Kisha nikachana ya kumi na mbili, polepole, isikike vizuri.

Mama mkwe akakohoa kuelekea kwenye pazia. Akakohoa tena.

Sebuleni hakukutoka neno.

Nikazikunja zote nne, nikazifunga kwenye pindo la kitenge, nikatoka kutafuta bodaboda.