Kazi ya Tano ya Rais

"Hivi huyo rais wenu hana kazi nyingine ila kutazamwa ukutani?" Bi Mwanasaumu auliza huku akikuna nazi, na Mwanakheri, mkaza mwanawe, kalamu mkononi, barua haijavuka 'Mtukufu Rais', ajibu moyoni anazo, Mama, anazo tele, ndizo ninazofundisha darasa la saba, ni amiri jeshi mkuu, huteua mawaziri, huteua majaji, hulivunja bunge, na ya tano, ambayo watoto huisahau kila mtihani, huwasamehe wafungwa, hiyo ndiyo tuitakayo, Mwinyihaji arudi Likoni kabla ya sikukuu ya Jamhuri... lakini aandikeje, kwamba mumewe aliigeuza picha ya rais pale dukani ikatazama ukuta kwa kuwa hapo ndipo alipotandika mswala, na mtu hasujudu mbele ya sura ya mtu, dakika kumi tu, akisha kutoa salamu huirudisha na kuipangusa vumbi kwa mkono wa kanzu, dakika kumi kwa kifungo cha miezi kumi na minane... "Andika mwanangu hana kiburi," asema mavyaa, "andika ana sukari," naam, Mama, ana sukari, na huko ndani sijui wampa nini, "na aliyemchongea, wallahi, Mungu ampofue," "Amina," aitikia Mwanakheri, na amina hiyo ni ya kujiapiza mwenyewe, kwani ilikuwa chai ya saa nne, chumba cha walimu, naye msomi wa chuo kikuu, hodari wa maneno, akasema kwetu sisi rais hupewa likizo mara mbili kwa siku, adhuhuri na alasiri, Mwalimu Dishon akacheka hadi chai ikampalia, wote wanane wakacheka, na yeye, Mungu amsamehe, akaona raha, akairudia... Ijumaa yake Landrova ya polisi ikasimama mlangoni pa duka, na ni yupi kati ya wanane aliyeyapeleka maneno hata leo hajui, lakini mdomo wa kwanza aujua, ausugua kwa mswaki kila asubuhi... "Ni Gona tu," asema mavyaa, "duka lake limepakana na letu, nani mwengine wa kuona?" maskini Gona, miezi mitatu hasalimiwi, juzi kaleta mihogo ya shamba lake ikarudishwa na kikapu chake, "tena muandike jina lake humo, mwanangu, rais amjue mchongezi," na kalamu, ajabu, yashuka yenyewe, yaandika G, herufi nzuri ya mwalimu, na mkono ukasita, huyu naye ana watoto, huyu naye atafuatwa na Landrova, kwa hati yangu mimi... "Mama," asema, "si Gona. Niliyeyatoa maneno nje ni mimi. Niliwachekesha walimu."